Kilo Mbili Ndani ya Siku Tatu

Mizani yenyewe ni ya kioo, ya kawaida, zile zinazouzwa madukani pamoja na pasi na birika za umeme. Mama mdogo ameiweka kwenye sakafu ya saruji karibu na mlango wa chumba chake, Ngamiani, jijini Tanga, mahali ambapo sakafu imenyooka. Mkeka hautakiwi chini yake. Tulijaribu siku ya kwanza, ikatupa namba tatu tofauti ndani ya dakika moja. Kila siku baada ya sala ya alfajiri anakwenda msalani kwanza. Akirudi anajifunga kanga moja, ileile kila siku, anashika fremu ya mlango, anapanda, kisha anaachia taratibu. Macho yake hayafiki tena chini, kwa hiyo mjukuu wake wa darasa la sita huinama na kumsomea. "Sitini nukta moja, bibi." Bibi mwenyewe ndiye anayeandika, kwa kalamu ya wino, kwenye daftari la shule lenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma. Chai haijanywewa bado. Chai inakuja baada ya namba.

Kazi hii tuliianza vibaya. Mwaka juzi, aliporuhusiwa kutoka hospitali kwa mara ya kwanza, aliambiwa apime uzito kila asubuhi. Tukanunua mizani, tukafungua kundi la WhatsApp la ukoo, mjukuu akawa anapiga picha ya daftari na kuituma. Wiki iliyofuata Idi namba zilikuja hivi: Jumatatu 61.2, Jumanne 61.7, Jumatano 62.6, Alhamisi 63.4, Ijumaa 64.1. Sote tuliziona. Binamu yetu aliyeko Muscat akaandika, "Mashallah, mama mdogo ananawiri." Dada akatuma maua. Mimi niliandika, na maneno hayo bado yamo kwenye simu yangu, "Alhamdulillah, sasa anakula." Kwetu mtu akinenepa ndiyo kapona, akikonda ndipo watu huanza kuulizana. Katika kundi lile la watu kumi na wanane, hakuna aliyejiuliza mwanamke wa miaka 66 anawezaje kuongeza karibu kilo tatu za mwili kwa siku nne. Yale yalikuwa maji.

Jumamosi usiku alilala akiwa ameketi kwenye kiti cha barazani, mdomo wazi, akihema kama mtu aliyemaliza kupanda mlima. Jirani akamkimbiza hospitali kwa bajaji. Nilifika kesho yake kwa basi kutoka Dar es Salaam, nikapita nyumbani kwanza, na mjukuu akanishikiza daftari mkononi. Daktari kijana aliyekuwa zamu alilifungua, akarudi nyuma ukurasa mmoja, akauliza bila hasira yoyote: "Hizi namba mlikuwa mnampelekea nani?"

Sikuwa na jibu. Kila nilichosoma tangu siku ile kuhusu kuwafuatilia wagonjwa wa moyo wakiwa majumbani kwao nimekisoma nikilitafuta.

Hospitalini ugonjwa huu unaitwa moyo kushindwa kufanya kazi, jina linalotisha kupita kiasi, maana mtu akilisikia anadhani moyo umekwisha simama. Mtaani tunasema moyo mkubwa, au moyo umetanuka. Ukweli ni kwamba moyo unaendelea kufanya kazi usiku na mchana, lakini haumudu tena. Ama misuli yake imelegea haisukumi damu ya kutosha, ama imekakamaa haijazi damu ya kutosha. Figo zikipata damu pungufu hudhani mwili umepungukiwa na maji, kwa hiyo huzuia chumvi na maji visitoke kwenye mkojo. Figo zinatenda kwa nia ya kuokoa, kumbe zinazidi kumtwisha mzigo yule aliyekwisha elemewa. Maji yanashuka miguuni, viatu vinabana. Yanajaa tumboni, hamu ya chakula inakufa. Mwisho yanaingia mapafuni, na mgonjwa hawezi kulala bapa. Ndiyo maana daktari mzoefu huanza kwa kuuliza: unalala na mito mingapi? Mtu aliyekuwa akilala na mto mmoja mwezi uliopita na sasa analala na mitatu amekwisha toa jibu kabla ya kipimo chochote.

Lita moja ya maji ni kilo moja kwenye mizani. Hapo ndipo kifaa cha dukani kinapogeuka kipimo cha moyo. Mwaka 2007 daktari Sarwat Chaudhry wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, pamoja na wenzake, walichunguza kumbukumbu za uzito za wagonjwa waliolazwa kwa sababu ya moyo kuelemewa, wakaona kwamba uzito ulianza kupanda angalau wiki moja kabla ya kulazwa. Siku saba. Kwa mgonjwa anayekuja kuonekana anazama usiku mmoja wa Jumamosi, siku saba ni nafasi kubwa sana. Miongozo ya Ulaya imeifupisha habari hii katika kanuni moja ambayo kila familia yenye mgonjwa ingeweza kuibandika ukutani: akiongeza zaidi ya kilo mbili ndani ya siku tatu, wasiliana na wataalamu wake.

Basi kama ishara inajulikana, na kifaa ni rahisi, kwa nini wagonjwa duniani wanaendelea kurudi hospitali usiku wa manane?

Wamarekani walilijibu swali hilo kwa jaribio lililowaumiza. Walichukua wagonjwa 1,653 kutoka vituo 33, wote wakiwa wametoka kulazwa karibuni. Nusu yao walipewa namba ya simu ya bure. Kila siku mgonjwa alitakiwa kupiga, akasikiliza sauti iliyorekodiwa ikimuuliza uzito na dalili, akajibu kwa kubonyeza vitufe. Majibu yalikwenda kwenye kompyuta, na wahudumu wa kituo chake walitakiwa kuyapitia siku za kazi. Chaudhry huyuhuyu alikuwa kiongozi wa utafiti. Matokeo yalitoka mwaka 2010: ndani ya siku 180, waliolazwa tena au kufariki walikuwa asilimia 52.3 kwa waliopiga simu na asilimia 51.5 kwa wasiopiga. Simu haikubadilisha kitu. Asilimia 14 ya waliopewa huduma ile hawakuitumia hata mara moja, na wiki ya mwisho ilipofika, ni asilimia 55 tu waliokuwa bado wanapiga walau siku tatu kwa wiki.

Niliposoma namba hizo nililikumbuka kundi letu la WhatsApp. Mtu anaongea na mashine kila asubuhi, mashine haimjibu, haimwambii nimekusikia, haimuulizi mbona jana hukupiga. Mgonjwa anachoka. Na taarifa ikishafika upande wa pili inasubiri zamu yake pamoja na makaratasi mengine, hata kama maji hayasubiri.

Wajerumani nao walianza kwa kushindwa. Jaribio lao la kwanza, lenye wagonjwa 710, lilitoa matokeo mwaka 2011 bila kuonyesha kwamba vifaa vya nyumbani vinapunguza vifo. Wengine wangefunga mafaili. Profesa Friedrich Köhler na wenzake wa hospitali ya Charité, Berlin, walikaa chini wakajiuliza ni nani hasa aliyekuwa na cha kufaidika. Waligundua kwamba mgonjwa aliyetulia kwa muda mrefu hafaidiki sana na ulinzi wa kila siku, na kwamba mgonjwa mwenye sonona nzito hafaidiki kwa mpango wa namna ile. Safari ya pili wakawachagua waliolazwa kwa ugonjwa huu ndani ya miezi 12 iliyopita na wasio na sonona nzito. Wakaandikisha watu 1,571 kati ya mwaka 2013 na 2017, umri wao wa wastani miaka 70.

Nusu ya wagonjwa waliendelea na huduma ya kawaida. Nusu nyingine walipelekewa vifaa nyumbani: mizani, mashine ya presha, kifaa cha kupima umeme wa moyo, na kile cha kubana kidoleni kinachopima oksijeni, ambacho wengi wetu tulikizoea wakati wa korona. Vyote viliunganishwa na kompyuta ndogo ya kioo ambayo ilituma vipimo kupitia mtandao wa simu. Mgonjwa alitakiwa pia kusema mwenyewe anajisikiaje, kwa kuchagua namba kuanzia 1 hadi 5. Swali hilo nalipenda, maana katikati ya vyuma vyote vile wamemwachia mwenye mwili nafasi ya kusema.

Hadi hapo tofauti na Marekani ni ndogo. Tofauti yenyewe ilikuwa Berlin. Kulikuwa na kituo ambamo madaktari na wauguzi walikuwa zamu saa 24, siku saba za wiki. Programu ilipanga vipimo vya kila asubuhi ili vinavyotia shaka vije juu kabisa. Muuguzi akiona uzito umepanda anampigia mgonjwa, anamuuliza, daktari anabadilisha dozi au anawasiliana na daktari wa mtaani kwake, siku hiyohiyo. Mgonjwa alipewa simu ya kupiga kituoni moja kwa moja akizidiwa. Na kila mwezi muuguzi alimpigia hata kama kila kitu kilikuwa shwari, wazungumze tu kuhusu dawa na hali yake.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2018 katika jarida la The Lancet. Waliokuwa chini ya ulinzi wa kituo walipoteza wastani wa siku 17.8 kwa mwaka kwa kulazwa ghafla kwa ajili ya moyo au kwa kufariki. Wenzao walipoteza siku 24.2. Vifo vilikuwa karibu 8 kwa kila wagonjwa 100 kwa mwaka, dhidi ya zaidi ya 11. Na asilimia 97 ya wagonjwa walituma vipimo vyao walau siku saba kati ya kila kumi. Wazee wa miaka 70, kila asubuhi, mwaka mzima! Sioni sababu nyingine isipokuwa hii: walijua kuna mtu anasubiri.

Jambo jingine halitajwi sana. Mpango ulipomalizika vifaa vilirudishwa, na watafiti wakaendelea kuwaangalia wagonjwa wale kwa mwaka mmoja zaidi. Faida ilitoweka. Makundi mawili yakawa sawa tena. Kumbe ulinzi huu si kama kozi ya dawa ya malaria ambayo ukiimaliza umepona. Ujerumani ilielewa hivyo. Desemba 2020 chombo kinachoamua bima ya umma ilipie nini kiliridhia kuuingiza mpango huu, na mwaka 2022 bima ikaanza kulipia ufuatiliaji wa namna hiyo kama huduma ya kawaida.

Kuna njia nyingine inayokwenda ndani zaidi ya mizani. Kabla maji hayajaongeza uzito, shinikizo la damu ndani ya mishipa ya mapafu huwa limekwisha panda. Kampuni iliyoanzia Atlanta, Marekani, ilitengeneza kihisi kinachoitwa CardioMEMS, kidogo kama kibanio cha karatasi, kinachopitishwa kwenye mshipa wa kinenani hadi kwenye ateri ya mapafu na kuachwa humo. Hakina betri. Mgonjwa hulala juu ya mto wenye antena, mawimbi ya redio yanakiamsha kihisi, kinajibu, na kipimo kinakwenda kwa daktari. Jaribio la wagonjwa 550 lililochapishwa mwaka 2011 lilionyesha kulazwa kumepungua kwa asilimia 28 ndani ya miezi sita, na Marekani ikakiidhinisha mwaka 2014. Jaribio jingine la wagonjwa 1,000, mwaka 2021, halikufikia lengo lake kwa jumla, na janga la korona lilivuruga hesabu zake. Kisha Waholanzi wakafanya la kwao katika vituo 25, wagonjwa 348, na mwaka 2023 wakatangaza kwamba wagonjwa wenye kihisi walijisikia vizuri zaidi na kulazwa kwao kulikuwa pungufu kwa asilimia 44.

Ni kazi ya akili kubwa na ninaiheshimu. Lakini kihisi hicho kinauzwa kwa maelfu ya dola, kinahitaji maabara ya kupitisha mirija kwenye mishipa, na hata kikiwamo mwilini bado hakimezeshi mtu kidonge. Wote waliofanikiwa nacho walikuwa na muuguzi anayekitazama na daktari anayebadilisha dawa.

Turudi kwetu. Utafiti uliofanywa Muhimbili mwaka 2012 na 2013 na daktari Abel Makubi na wenzake uliangalia wagonjwa 427 wa ugonjwa huu. Umri wao wa wastani ulikuwa miaka 55, na kwa karibu nusu yao, asilimia 45, chanzo kilikuwa presha. Utafiti mwingine uliojumuisha hospitali 12 za nchi tisa za Afrika, Kenya na Uganda zikiwamo, uliwahesabu wagonjwa 1,006. Wastani wa umri ulikuwa miaka 52, na ndani ya siku 180 karibu asilimia 18 walikuwa wamefariki. Wajerumani wa Köhler walikuwa na miaka 70. Wa kwetu ni mtu anayelipa ada. Ni mama aliyejifungua miezi miwili iliyopita na kuambiwa uvimbe wa miguu ni wa uzazi tu, utaisha wenyewe. Ni kijana ambaye alipokuwa mtoto aliugua koo mara kwa mara, ugonjwa ukashuka kwenye milango ya moyo. Ni dereva ambaye presha yake haijawahi kupimwa kwa sababu haumwi.

Kwa hiyo vifaa vya Berlin vikija huku visije kama vilivyo. Mashine ya presha ina uzito zaidi kwetu kuliko kwao, kwa sababu presha ndiyo iliyowafikisha wengi hapo. Kile cha kubana kidoleni kinahitaji tahadhari: mwaka 2020 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba kwa wagonjwa weusi kifaa hicho kilishindwa kuonyesha upungufu wa oksijeni karibu mara tatu zaidi ya ilivyokuwa kwa wagonjwa weupe, kwa sababu mwanga wake unasumbuliwa na rangi ya ngozi. Mtu wa Tanga au Kisumu anayehema kwa shida asirudishwe nyumbani eti kidole kimesoma 94. Umeme wa moyo tuuache kliniki kwa sasa. Mizani ichukue nafasi ya kwanza. Bei yake haizidi sana kuku wawili wa kienyeji, betri yake hudumu miezi, na namba inatumwa kwa ujumbe mfupi hata pale bando lilipokwisha.

Njia ya kupitisha namba hiyo tunayo. Tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007, bibi wa kijijini amezoea kupokea namba kwenye simu na kuiamini kwa fedha zake. Kenya mwaka 2023 ilianza kuwapeleka nyumbani kwa watu wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000, wakiwa na simu na mikoba yenye mashine za presha na za sukari. Tanzania nayo inao wahudumu wake wa ngazi ya jamii, wanaojua mlango upi una mgonjwa na upi una mtoto mchanga. Anayekosekana ni yule wa upande wa pili wa simu: mtu mwenye ujuzi, mwenye mamlaka ya kusema ongeza kidonge leo, na anayelipwa kwa kukaa hapo.

Nalisema hilo kwa sababu tumeliishi. Mama mdogo alilazwa siku tisa. Alipotoka alikuwa na kilo 59.8, na daktari akaiandika namba hiyo kwa wino mwekundu kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari. Aliuita uzito mkavu, yaani uzito wake asipokuwa na maji ya ziada. Kumbe hata ile 61.2 ya Jumatatu tuliyoanza nayo ilikuwa imekwisha beba maji. Kisha akatukutanisha na sista mmoja wa kliniki, mwanamke mpole mwenye sauti ya haraka, ambaye alikubali kupokea namba kwenye simu yake mwenyewe. Daktari akaacha maelekezo ya maandishi: ikipanda kilo mbili ndani ya siku tatu, sista aulize maswali yake, na akiridhika aongezwe kidonge kimoja cha Lasix kwa siku tatu, kisha aje kupimwa damu, maana dawa hiyo ya kutoa maji inaondoka na madini ambayo moyo unayahitaji, na inaweza kuzichosha figo. Hakuna mtu nyumbani anayeruhusiwa kuongeza au kupunguza kidonge kwa akili yake.

Mwezi wa kwanza sista alijibu kila asubuhi. Neno moja tu, "Nimeona." Mama mdogo alikuwa hatulii mpaka neno hilo liingie. Mwezi wa nne sista akaenda likizo kwao Singida, na kwa siku kumi na mbili hakuna aliyejibu. Hakuwa na kosa. Kazi ile haikuwa kwenye orodha ya kazi zake, hakulipwa hata shilingi, bando lilikuwa lake. Siku ya tano ya ukimya ule mama mdogo aliacha kupima. "Namwandikia nani?" aliniuliza. Swali la daktari lilikuwa limerudi kwa mdomo wa mgonjwa.

Katika siku hizo kumi na mbili ndipo nilipowaelewa Wajerumani vizuri. Walipanga zamu. Mmoja akienda likizo kiti hakibaki kitupu. Mashine zao zingeweza kuwa nusu ya zile na bado watu wangepona. Sisi tunaelekea kununua vifaa kwanza, kwa sababu kifaa kinakatiwa utepe na kupigwa picha, halafu mtu wa kukisoma tunamwachia Mungu na wema wa sista mmoja. Hospitali ya mkoa haihitaji jengo jipya kwa hili. Inahitaji meza, simu mbili, wauguzi wanne wa kupokezana, daktari wa kuwaelekeza, na mfuko wa bima unaokubali kwamba dakika tano za mazungumzo asubuhi ni tiba kama ilivyo sindano. Gharama ya siku tisa za kitanda, oksijeni na nauli za ndugu wanaokuja na chakula tunaijua, tumeilipa.

Sista aliporudi tulimwomba atafute mwenzake. Sasa wako wawili, na simu inakaa kliniki, tuliinunua kwa mchango wa kundi lilelile la watu kumi na wanane. Wagonjwa wengine sita wanatuma namba zao hapo. Bado hakuna anayewalipa.

Wiki iliyopita, Jumanne asubuhi, mjukuu alisoma 61.9. Jumamosi ilikuwa 59.8. Hakupiga picha kwanza, alipiga simu. Sista akaomba aongee na bibi.

"Shikamoo bibi. Umelala na mito mingapi?"

"Marahaba. Miwili. Jana mmoja."

"Mwambie mjukuu akubonyeze mguuni, juu ya kifundo, kwenye mfupa, kwa kidole gumba, ahesabu mpaka kumi. Akitoa kidole, panarudi au panabaki shimo?"

Mjukuu akabonyeza, akahesabu kwa sauti. Palibaki shimo dogo, kama la kidole kwenye unga uliokandwa.

"Bibi, umekula nini Jumapili?"

Kimya kidogo. Kulikuwa na arusi mtaa wa pili, na mchuzi wa papa mkavu, yule aliyekaushwa kwa chumvi. Alikula kipande kimoja, kisha cha pili. Sista hakumgombeza. Akamwambia aongeze kidonge kama ilivyoandikwa, apime jioni pia, na Ijumaa aje kutolewa damu.

Nilimpigia Alhamisi nikiwa kazini.

"Shikamoo mama mdogo. Hali?"

"Marahaba mwanangu. Hali uliza kwa kilo. Sitini na nusu. Na shimo halipo, nimebonyeza mwenyewe."